Mzigo Haulali na Mwenyewe

Watu wa Lipingo walimzoea Hedwiga Kapinga kabla hawajamwelewa. Walimwona akipita alfajiri na baiskeli ya baba yake, matenga mawili ya samaki wakavu yamefungwa kwenye keria, suruali kuukuu ya mzee ikichungulia chini ya gauni, naye akisalimia kila mlango kana kwamba anakwenda kuteka maji. Alikuwa anakwenda Mbinga. Kutoka ufukweni hadi huko juu kwa Wamatengo ni mlima juu ya mlima, na mwenye mzigo hafiki siku hiyohiyo. Lazima alale njiani, ndani ya miombo, mahali ambapo huoni hata moshi wa jirani. Wanaume waliokuwa wakiifanya safari hiyo walikuwa wachache. Mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Aliianza mwaka ule wa Azimio. Baba yake, Mzee Nathanieli, mvuvi na mzee wa kanisa, aliteleza wakati wa kupandisha mtumbwi akavunjika nyonga, na tangu hapo akawa mtu wa kukaa kibarazani na fimbo yake. Kaka yake, Kilian, aliendelea kuvua, lakini mtu hawezi kuwa ziwani na sokoni kwa wakati mmoja. Wachuuzi waliokuja ufukweni waliijua hali ya nyumba ile, wakawa wanachagua samaki kwa madaha, kama watu wanaombwa msaada. Jioni moja, baada ya wachuuzi kuondoka, Hedwiga alimwambia baba yake kwamba kuanzia sasa samaki wa nyumba hii watapanda mlima wenyewe. Mzee akataka kujua watapandaje. Akajibiwa kwamba baiskeli ipo pale ukutani inaota kutu, na miguu ipo.

"Na usiku?" mzee akauliza.

"Usiku nitalala, Baba. Kila mtu hulala."

Lilikuwa jibu la mtu ambaye hajawahi kulala porini. Safari ya kwanza, jua lilipokaribia kuzama, Hedwiga alisimamisha baiskeli chini ya mti mkubwa, akawasha moto, akabanika samaki mmoja, mbasa, akamla mzima, akafuta mikono kwenye kanga. Kisha akayapanga matenga chini ya kichwa chake, yawe mto, ili mwizi yeyote atakayekuja alazimike kumwamsha kwanza. Mwizi alikuja na hakumwamsha. Kulipopambazuka tenga moja halikuwepo. La pili lilikuwa limepasuliwa, dagaa wa usipa wametapakaa kwenye umande, na siti ya baiskeli, siti ya ngozi iliyokuwa imenyonya jasho la baba yake kwa miaka mingi, ilikuwa imetafunwa ikabaki springi tupu. Nyayo za fisi zilipita karibu kabisa na mahali alipolaza kichwa.

Alirudi Lipingo akikokota baiskeli. Watu walimcheka, na hakuwalaumu. Wengine walisema safari hii fisi amechagua samaki, safari ijayo atachagua muuzaji. Mzee Nathanieli aliigusa ile springi kwa ncha ya fimbo yake.

"Fisi hana kosa," alisema. "Umekula mezani kwake, ukafutia mikono kwenye nguo, ukalala na chakula chake. Enzi zangu za kulala porini mzigo haukulala na mwenyewe."

"Mbona hukuniambia, Baba?"

"Ulisema kila mtu hulala."

Wakacheka wote wawili hadi mzee akaishika nyonga yake kwa maumivu. Usiku huohuo Hedwiga alijaza sufi kwenye kipande cha gunia, akashona, akafunga juu ya springi. Juma lililofuata alikuwa njiani tena.

Mambo ya mwanzo alifundishwa na baba yake. Mengine alifundishwa na pori. Aligawa kambi yake kama mafiga matatu: pa kupikia, pa kulala, na pa mzigo, na kila figa likae mbali na mwenzake. Alipika mapema, jua bado liko juu, karibu na kijito, akala, akanawa kwa majivu mpaka viwiko, akafukia miiba na mabaki, ndipo akasogea mbele na baiskeli kutafuta pa kulala, upande ambao upepo unatoka. Kanga ya kupikia hakulala nayo. Ilikwenda pamoja na mzigo. Mzigo wenyewe aliutundika mtini.

Kutundika nako kulikuwa na ada yake ya kujifunzia. Mara ya kwanza alifunga tenga karibu na shina, na fungo akapanda akala akashuka bila hata kukata kamba. Mara nyingine aliusogeza mzigo mbali kwenye tawi, na asubuhi akaliona tawi lina alama za makucha ya chui kwa urefu wake wote, na tenga likiwa limechanwa kwa juu. Kisha siafu wakaijua kamba. Hedwiga hakulia kwa lolote kati ya hayo. Alikuwa na namna ya kusimama mbele ya hasara, mikono kiunoni, akiitazama kama fundi anavyotazama mlango uliogoma kufungika, halafu anasema, "Haya, nimekuona."

Aliyemaliza kazi hiyo pamoja naye alikuwa mtu wa mbali. Serikali ilimleta Bwana Cuthbert kuwa bwana maendeleo wa huku ziwani. Alikuwa kijana wa Muheza, mrefu, mwepesi wa kucheka, aliyekulia kwenye mashamba ya mkonge ambako baba yake alikuwa fundi wa mitambo. Siku moja alimkuta Hedwiga nyuma ya nyumba ya mzee akijaribu fundo, akaomba aelezwe. Akaelezwa habari ya fungo, na chui, na siafu. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, kisha akasema huko kwao marobota ya katani hupita hewani juu ya mabonde, kwenye waya uliotoka mlingoti mmoja hadi mwingine, na hakuna mnyama anayeyafikia.

"Tatizo lako ni mti mmoja," alisema. "Tafuta miwili. Kamba ipite katikati, na mzigo uning'inie palipo na hewa tupu."

Hedwiga alifikiri kidogo. "Na siafu?"

Hilo Bwana Cuthbert hakulijua. Alilijua Hedwiga: kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa na kufungwa kwenye kamba kila upande. Basi wakawa wamekamilisha kitu ambacho hakuna kati yao ambaye angekipata peke yake. Cuthbert aliandika kwao, akatumiwa kamba ndefu ya katani na kapi dogo la chuma, akampa Hedwiga vyote. Kuanzia hapo ilimchukua muda mfupi tu kupandisha mzigo, na hakupoteza tena hata usipa mmoja.

Tadea, mke wa Kilian, ndiye aliyekuwa wa pili kupanda baiskeli. Alisema hawezi kuendelea kukausha samaki ili wifi yake peke yake auone mji. Wanawake wawili wakawa wanapita sasa, na maneno yakapita nyuma yao: wanalala wapi, wanalala na nani. Mama mmoja aliwauliza hayo waziwazi baada ya ibada. Tadea akamjibu kwa upole kwamba wanalala na uchovu, na kama anamtaka, watamletea. Hayakuulizwa tena.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi ulipoingia mwaka wa njaa. Watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vipya, na kimojawapo kilikuwa Amkeni, kwenye mteremko kati ya ufukwe na milima. Nyumba zilikuwa hazijakauka udongo, mashamba ndiyo kwanza yanafyekwa, na mvua ya mwaka uliotangulia ilikuwa imewatoroka wote. Serikali ilileta mahindi ya njano mpaka Mbinga. Kisha mvua ikarudi kwa hasira, daraja likachukuliwa na mto, na lori likabaki upande usio na njaa.

Mwenyekiti wa Amkeni, Mzee Benno, mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alikusanya wanaume sita wenye baiskeli, akamwomba Bwana Cuthbert awaongoze. Cuthbert alisema yeye atakwenda, lakini wa kuwaongoza yuko Lipingo. Mzee Benno alitafakari jambo hilo kwa siku nzima. Kisha akateremka mwenyewe hadi kibarazani kwa Mzee Nathanieli na kumwomba binti yake kwa heshima zote, kana kwamba amekuja kuposa.

Hedwiga na Tadea walipanda nao, na Mzee Benno mwenyewe hakubaki nyuma. Safari ya kwanza ya mahindi ilikwenda salama, na ya pili pia. Kila jioni Hedwiga aliwasimamia wanaume wale: kupika huku, kulala kule, magunia katikati ya miti miwili. Mwanzoni walinung'unika. Walipoona nyayo za fisi zimezunguka chini ya magunia na kuondoka mikono mitupu, wakaacha kunung'unika, na Mzee Benno akawa mwalimu kuliko mwalimu wake. Aliyechelewa kunawa alimkemea. Alikuwa akirudia njia nzima, "Mzigo haulali na mwenyewe," hata mlimani, pumzi zikimkatika.

Safari ya tatu walikuja na magunia mengi zaidi, na tenga moja la usipa ambalo Tadea hakuliuza Mbinga, aliliweka kwa ajili ya watoto wa Amkeni. Walifika kambini mchana ukielekea jioni, mahali walipopazoea, penye kijito upande mmoja na kilima cha majabali upande mwingine. Wanaume walianza kuwasha moto. Hedwiga alichukua kamba akaenda kuiangalia miti yake.

Mti mmoja ulikuwa umechunwa gamba upande mzima, utomvu bado unatiririka. Tawi lililokuwa juu kuliko pale alipozoea kufunga kamba limevunjwa, na halikuvunjwa na upepo. Chini, kwenye matope, kulikuwa na mashimo ya duara yenye maji, na rundo la kinyesi ambalo lilikuwa bado linatoa mvuke. Hedwiga aliweka kiganja juu ya rundo lile. Kisha akaizungusha kamba begani, akarudi.

"Zimeni moto," alisema. "Leo hatutundiki."

Mzee Benno alidhani hakusikia vizuri. Aliposikia vizuri, alisimama.

"Ndugu Hedwiga, wewe ndiye uliyetufundisha mzigo ulale juu. Tumeshika. Hata usingizini tumeshika. Leo sheria yako mwenyewe unaivunja?"

"Sheria ile niliitunga kwa ajili ya fisi na chui, Mzee. Hawa waliopita hapa ni tembo. Fisi hafiki juu, tembo anafika. Tukimtundikia mahindi tutakuwa tumempunguzia kazi ya kuinama."

Mmoja wa wanaume alishauri wawashe mioto mingi na kupiga madebe hadi asubuhi. Mwingine akataka waendelee na safari. Hedwiga alitazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya milima, akasema moto huo mvua itauzima, na njia ya mbele ni mteremko wa utelezi ambao kwa giza utawamaliza watu kabla ya tembo. Akanyoosha mkono kuelekea majabali. Tembo hapandi pale. Katikati ya mawe mawili makubwa kuna mwanya, aliwahi kujificha mvua humo. Magunia yote yataenea.

"Na fisi anapanda," alisema Bwana Cuthbert. Hakusema kwa kupinga. Alikuwa anafikiri pamoja naye, kama walivyofikiri siku ile ya kamba.

"Anapanda. Ila hana mikono. Tutaziba kwa mawe ambayo jiwe moja linabebwa na watu wawili."

"Na samaki?"

Hapo Hedwiga alitabasamu kwa mara ya kwanza jioni hiyo. Samaki hawezi kukaa na mahindi, alisema, maana harufu yake ndiyo itakayowaita fisi karamuni. Upande wa pili wa kilima jabali limekatika kama ukuta. Tenga litateremshwa kwa kamba ya katani mpaka katikati ya ukuta huo. Juu halifikiwi, chini halifikiwi.

Mzee Benno alikuwa bado amesimama, amechoka, ana umri, na magunia yale yalikuwa mazito hata kwa kijana. Alimtazama Hedwiga, akautazama mti uliochunwa. Kisha akavua koti, akalikunja, akaliweka begani.

"Nibebesheni," alisema.

Walifanya kazi kwa haraka. Gunia moja kwa mgongo mmoja, miguu ikipapasa pa kukanyaga kwenye mawe yenye ukungu. Hedwiga aliyapanga mwanyani kwa mkono wake, kisha wawili wawili wakaleta mawe ya kuziba. Walipodhani wamemaliza, akawaambia na baiskeli zipande. Hapo kidogo wagome. Hedwiga aliwakumbusha wanatumia nini kesho kubebea magunia, na kwamba tembo hatazami pa kukanyaga. Baiskeli zikapanda. Tadea na Cuthbert waliteremsha tenga la samaki kwenye ukuta wa jabali, kitambaa cha mafuta ya taa juu ya fundo. Matone ya kwanza ya mvua yaliwakuta wamejibana chini ya jiwe lililoinama, mbali na mahindi na mbali na samaki, wanakula viazi vya jana vilivyopoa.

Tembo walirudi giza lilipoingia. Hawakuonekana. Walisikika: mti unapasuka, tumbo linanguruma kama mtu anayesogeza pipa, maji yanafyonzwa kijitoni. Mtu mmoja alianza kusali kwa sauti na wenzake wakamgusa anyamaze. Tadea aliushika mkono wa wifi yake, akaukuta mkavu na mtulivu.

"Huogopi?" alinong'ona.

"Naogopa," Hedwiga alinong'ona. "Lakini nimeshafanya kazi yangu."

Na ni kweli kwamba baada ya hapo alilala.

Asubuhi walishuka kutazama. Ule mti wa upande wa kijito, mti ambao kamba yao ilipita katika safari zote mbili, ulikuwa umelala chini na mizizi yake hewani. Majivu ya moto wao yalikuwa yamekanyagwa yakawa tope. Sufuria ya Mzee Benno, ambayo katika haraka ile ilisahauliwa, ilikuwa bapa kama sahani. Mzee aliiokota, akaigeuzageuza, akaifunga kwenye baiskeli yake. Tenga la samaki lilikuwa palepale kwenye ukuta wa jabali, limelowa. Walipoyaondoa mawe kwenye mwanya, magunia yote yalikuwepo, isipokuwa moja lilikuwa limetobolewa pembeni na panya, na punje za njano zimemwagika kidogo kwenye mchanga.

Wanaume walimgeukia Hedwiga, wakisubiri atasemaje kuhusu panya. Aliweka mikono kiunoni.

"Haya, nimekuona," alisema, akatafuta mwiba na uzi wa gome, akashona tundu, akaokota punje moja moja.

Walifika Amkeni jua likiwa kichwani. Perpetua, mke wa Mzee Benno, aliwapokea kwa maji ya kunywa kabla ya vigelegele, na hilo waliotoka njiani walilithamini zaidi. Siku zile watu walikuwa wakiyasema vibaya mahindi ya njano, eti ugali wake una ladha ya sabuni. Siku hiyo hakuna aliyeyasema. Watoto waligawiwa usipa kwa kiganja. Mzee Benno alisimama mbele ya watu akaieleza habari ya tembo mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu aliyompinga Hedwiga, hakuiruka. Kisha akawaonyesha sufuria.

Siku chache baadaye halmashauri ya kijiji ilimwomba Hedwiga ashike ghala mpaka daraja litakaporudi. Alikubali kwa masharti yake. Ghala litajengwa juu ya nguzo, mbali na jikoni za watu, na kila nguzo itavishwa bati la debe lililofunguliwa kama mwavuli, panya akipanda aishie hapo. Cuthbert alichora, wanaume wakajenga, na Hedwiga akalijaribu kwa kuacha ubuyu ndani siku kadhaa kabla hajaruhusu gunia hata moja kuingia. Mahindi yale yaliwafikisha Amkeni kwenye mavuno yao wenyewe. Hayakuwa mavuno makubwa, lakini yalikuwa yao.

Alipomsimulia baba yake habari hizi, Mzee Nathanieli alimsikiliza akiwa amefumba macho. Aliomba arudie sehemu ya tenga ukutani. Akarudia. Mzee akasema yeye miaka yote ile hakuwahi kufikiria jambo kama hilo, na siku hiyo kila mgeni aliyepita kibarazani alilazimika kulisikia.

Daraja lilijengwa upya kiangazi. Halmashauri ilimtaka Hedwiga abaki na funguo za ghala, na nyumba walikuwa wamemtengea. Alishukuru, akasema Perpetua ameshaijua kazi yote na ana jicho kali kuliko lake. Akamkabidhi funguo mbele ya watu, akakagua upepo wa matairi, akaanza kuteremka kuelekea ziwani. Kilian alikuwa amepata mbasa wengi juma hilo, na Tadea peke yake asingeweza kuwapandisha wote.